Niambie Nani Yuko Jikoni

Muulize mkazi wa Dar es Salaam pa kula, hatakwambia hajui. Mtu wa mji huu anaweza kukiri kwamba hajui kodi ya nyumba ya mwezi ujao itatoka wapi, lakini pa kula atakutajia papo hapo, kwa kidole, kwa simu na kwa kiapo. "Nenda pale kaka, utanishukuru." Nami mtiifu huwa nakwenda. Nimekwenda pale pa Sinza, nimekwenda pale pa Mikocheni, nimekwenda pale pa Upanga nyuma ya ghorofa jeupe, na pale pa Tegeta ambapo kila ukiuliza wanakwambia umeshapapita. Wa kumshukuru bado sijampata.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Toa wanaonyonya, waliobaki wote ni wataalamu wa migahawa. Na wana haki ya kuwa wataalamu, maana mchana watu hapa hawali kwao. Kama kazi yako iko Posta na kitanda chako kiko Mbagala au Kimara, huwezi kwenda nyumbani kula ugali ukarudi kabla bosi hajakutafuta. Kwa hiyo saa saba mchana mji mzima unakaa kwenye viti vya watu: vya plastiki, vya mbao, vya sofa, na lile benchi ambalo mwenzako akinyanyuka upande wa pili wewe unakwenda chini na sahani yako. Pa kula pamejaa tele. Njaa ya mjini haitokani na uhaba wa migahawa.

Manung'uniko yangu ni haya: watu wanaelekeza majengo. Utaambiwa mgahawa uko jirani na kituo gani cha mafuta, una rangi gani, una maegesho, una kiyoyozi, una runinga kubwa ya kutazamia mpira. Utaambiwa mwenye nao ni nani, kwao ni wapi, na hela kaipata kwa njia gani. La nani yuko jikoni hulisikii. Aliyeamka alfajiri akawasha mkaa, akakuna nazi, akaonja chumvi, huyo hana jina. Utadhani pilau inapikwa na ukuta.

Na mpishi wa mji huu ni mtu wa kuhama. Leo yuko Kinondoni. Kesho mwenye mgahawa wa ng'ambo kamwongezea kidogo kwenye mshahara, kavuka barabara. Msimu wa watalii ukichanganya anapanda boti kwenda Unguja, huko Nungwi na Paje hoteli zinatafuta mikono. Mwingine kachoka kuajiriwa, kafungua kibanda chake Goba. Mwingine kaenda kujifungua, na aliyeshikishwa mwiko kwa muda ni binamu wa mwenye mgahawa, kijana mzuri sana, mwenye adabu, ambaye hadi juzi alikuwa anauza kava za simu.

Mpishi akiondoka haondoki na kibao. Kibao kinabaki, rangi inabaki, bei inabaki, na sifa inabaki. Sifa ndiyo yenye matatizo zaidi, kwa sababu yenyewe haili. Itazunguka mjini mwaka mzima ikileta watu, nao watakula wakitazamana, kila mmoja akiogopa kuwa wa kwanza kusema. Anadhani ni mdomo wake. "Labda nina malaria," anawaza, anaongeza pilipili. Wahenga walishalimaliza jambo hili zamani: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Wewe unanielekeza kwa tumbo la mwaka juzi, ndugu yangu.

Shemeji yangu wa Mwanza alipokuja kwenye harusi ya ndugu, mama watoto alisema lazima tumtoe, na mtu wa Mwanza ukimtoa humpeleki kwenye chipsi. Jirani akatupa jina la mgahawa wa samaki ambao mji mzima unausifu. Tukaenda. Shemeji akaagiza sato wa kukaanga na ugali. Sato akaja amelala kwenye sinia, kafunikwa vitunguu na pilipili hoho, kichwa upande huu, mkia upande ule, amependeza. Shemeji hakugusa ugali. Kwanza alivipangua vitunguu vyote kando. Akamwinamia samaki, akamtazama kichwani. Akafunua shavu kwa ncha ya kidole, akanusa. Akachokonoa ubavu, nyama ikamomonyoka, kavu, nyeupe, haina mafuta. Akanawa tena mikono, akamwita mhudumu.

"Mdogo wangu, huyu samaki kafika lini Dar?"

"Leo asubuhi, mzee."

"Kaja na basi gani?"

Mhudumu akacheka. Shemeji hakucheka.

"Nauliza kwa sababu mimi nimeingia jana kutoka Mwanza. Huyu kanitangulia sana. Huyu alishalala kwenye barafu hata kadi ya harusi mimi sijaipata."

Kijana akatazama nyuma, akainama, akatwambia kwa sauti ya chini. Zamani palikuwa na mama mmoja jikoni pale. Samaki wakiletwa, yeye ndiye aliyewapokea, na wasiomridhisha alikuwa anawarudisha hukohuko walikotoka, hata kama meza zimejaa na watu wanapiga kelele. Baada ya sikukuu ya Pasaka akaacha kazi. Siku hizi samaki wanapokelewa na mhasibu.

Ndugu msomaji, lisome tena sentensi hiyo. Mhasibu anajua kilo na anajua bei, na kwa mambo hayo mawili yule samaki hakuwa na kasoro yoyote.

Baada ya mgahawa wa sifa, upo mgahawa wa kila kitu. Huu utaujua kwa menyu. Ina kurasa nyingi, imetiwa nailoni, ina picha za vyakula ambavyo havikupigwa picha hapo, na imekusanya Uchina, India, Italia na Tanga ndani ya jiko moja lenye plati mbili. Unaisoma kwa heshima. Unamwita mhudumu.

"Nipatie kuku wa nazi."

"Wa nazi ameisha, bosi."

"Samaki wa kupaka?"

"Huyo mpaka uagize mapema."

"Mapema saa ngapi?"

"Jana."

"Haya, makange ya nyama."

"Mpishi wa makange hajaingia leo."

"Sasa kipo nini?"

"Vyote vipo bosi, wewe tu uamue."

Unaamua chipsi kuku. Hiyo ipo. Hiyo haijawahi kukosekana tangu umeme uingie. Nusu ya mji huu haili chipsi kwa mapenzi. Imefikishwa hapo kwa kufungiwa njia nyingine zote. Na ukishaagiza unapewa ahadi ya dakika tano. Dakika tano za mgahawa wa kila kitu zinatosha kijana kutumwa sokoni kununua viazi, viazi kumenywa, kuku kuyeyuka barafu, na wewe kusoma matangazo yote ukutani, pamoja na lile la mkopo na lile la kukataza kuingia na chakula kutoka nje. Hilo la pili nalielewa vizuri. Wangeliondoa, wateja wangekuja na wali wao.

Hapo sijagusa maneno ya sifa yaliyoandikwa kwenye ubao mlangoni. "Wali wa mchele wa Kyela." Kyela ni wilaya moja tu, mkoani Mbeya, kando ya Ziwa Nyasa, na mchele wake kweli unanukia mpaka chumba cha pili. Lakini kwa wingi wa wali wa Kyela unaoliwa Dar peke yake, watu wa Kyela ingebidi walime mpaka uwanja wa mpira na ua wa mahakama. "Kuku wa kienyeji." Kuku wa kienyeji halisi hakubaliani na wewe haraka, anataka muda jikoni na anataka meno mezani. Huyu wa kwenye ubao unamgusa na kijiko, anaachana na mfupa kwa hiari yake. Ukihoji unaambiwa ni chotara. Sawa, chotara, basi muandikeni hivyo na bei yake ishuke.

Nyama choma nayo ina hesabu zake. Unapimiwa kilo mbichi mbele ya macho yako, unaikubali, inapita mlango wa nyuma. Ikirudi imekuwa nusu. Ukiuliza unajibiwa kwamba moto umekula. Najua nyama hupungua ikichomwa, lakini moto wa baadhi ya baa una tamaa, unakula steki na kuacha mifupa. Ukimpata mchomaji mwenye jina lake mjini, anayesimama na nyama yako tangu inawekwa hadi inakatwa, utashangaa siku hiyo moto umeshiba.

Sasa tupande Masaki. Mtoto wa dada yangu alipata kazi, akasema, "Anko, leo nakupeleka mahali." Mahali penyewe ni pazuri, siwezi kusema uongo. Mlinzi anakupigia saluti, bustani inamwagiliwa, muziki unapigwa kwa unyenyekevu. Nikakaa nikasubiri menyu. Menyu haiji. Mezani kuna kibao kidogo chenye mchoro wa vidoa vyeusi, unauelekezea simu, menyu inafunguka humo. Simu yangu bando limeisha. Kwa hiyo kabla ya kununua chakula ilibidi ninunue MB, nile kwa macho kwanza kupitia mtandao, niko mita chache kutoka jikoni. Taa nazo zilikuwa za kubembeleza, kiasi kwamba bei niliisoma kwa kumulika na tochi ya simu ileile.

Nikaagiza samaki na mihogo, shilingi 35,000, nikijipa moyo kwamba ajira ya kijana ni mpya na mshahara wake bado una ujasiri. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, palikuwa na maneno kwamba bei haijajumuisha VAT. Asilimia 18 ya 35,000 ni 6,300, jumla 41,300. Kodi sina ugomvi nayo, risiti nilidai na nikapewa. Ugomvi wangu ni mihogo. Ilikuja vipande vitatu, vimelazwa kwa mpangilio juu ya jiwe jeusi, na tone la kitu chekundu pembeni. Kutoka hapo ni mwendo mfupi tu mpaka Coco Beach, ambako mihogo inatoka kwenye karai ikichemka mafuta, inakatwa mbele yako, inamwagiwa kachumbari na pilipili ya kusaga, na muuzaji anakuongezea kipande kimoja kwa sababu tu umemsalimia vizuri.

Lakini nikiri haki yao: hapo Masaki ndipo nilipotajiwa mpishi bila kuuliza. "Mpishi wetu mkuu ni Mtaliano," mhudumu alisema, kifua mbele. Nikafurahi. Hatimaye mgahawa unaojua thamani ya mtu wa jikoni! Nikaomba nimsalimie.

"Yuko likizo."

"Tangu lini?"

"Mimi nina miezi minane hapa, nimemkuta likizo."

Meza ya jirani walikuwa vijana waliokuja kikazi. Kazi yao ni kupiga picha chakula na kukisifia mtandaoni. Sahani ilipofika hakuna aliyeigusa. Mmoja alisimama juu ya kiti, mwingine akashika taa ya duara, wa tatu akamimina mchuzi, akaambiwa amimine tena polepole, akamimina, mchuzi ukaganda. Wakaondoka wakiwa wamekula robo. Kesho yake niliona video: mandhari tulivu, viti vizuri, huduma nzuri, mahali pa kumleta umpendaye. Chumvi haikutajwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na walisema hivyo wakati kibaya kinatembea kwa miguu. Siku hizi kina mtu wa kukishikia taa.

Mtaniambia, wewe mzee kila kitu hutaki, hebu tuambie unapokula. Nitawaambia.

Kwa miaka mingi nilikuwa nakula kwa mama mmoja wa Tanga, kandokando ya barabara fulani Ilala. Hakuwa na kibao. Alikuwa na turubai, benchi mbili, majiko matatu ya mkaa, na ndoo yenye bomba ambayo pembeni yake ilining'inia chupa ya sabuni ya unga iliyokorogwa na maji. Wali wake aliupika kwa tui la nazi aliyoikuna mwenyewe, tui jepesi kwanza, zito mwishoni, kisha akaupalia kwa makaa juu ya mfuniko. Hapo ndipo wali unapojulikana. Mfuniko ukifunuliwa, punje imesimama peke yake, na ukoko chini una rangi ya kahawia, mkavu, wa kugombaniwa. Juu yake maharage ya nazi, mchicha, kibua wa kukaanga, na pembeni kipande cha tikiti maji. Palikuwa na dereva wa daladala na palikuwa na wakili aliyeitupia tai yake begani isiingie kwenye mchuzi, bega kwa bega kwenye benchi moja, wote kimya.

Kisha mwaka 2021 wamachinga na mama lishe waliokuwa pembezoni mwa barabara za jiji wakaondolewa, wakaambiwa wahamie maeneo yaliyopangwa. Nilifika mchana nikakuta pamefagiliwa. Hakuna turubai, hakuna benchi, hata alama nyeusi za majiko zimemwagiwa mchanga. Nikamuuliza fundi viatu, akanielekeza kwa muuza magazeti. Muuza magazeti akanielekeza kwa kijana wa bajaji, naye akaniambia panda twende. Nikamkuta Buguruni, nyuma ya gereji, katikati ya injini zilizofunguliwa. Benchi ni nyingine, turubai ni jingine, sufuria moja ilipotea katika kuhama.

"Umechelewa baba, ukoko umeisha," akaniambia, hata salamu bado.

Wali ulikuwa uleule. Punje zilezile, tui lilelile, maharage yaleyale, pamoja na harufu ya grisi ambayo haikuwa kosa lake. Mahali palishafutwa kabisa, na chakula hakikupungua kitu, kwa sababu chakula hakikuwahi kuwa cha mahali. Sasa linganisheni na ule mgahawa wa sato, ambao jengo lipo, feni zinazunguka, rangi imepakwa upya, na cha kula hakuna.

Tangu hapo nimeacha kuuliza njia ya kwenda mgahawani. Nauliza habari za mtu. Na mji ukiutazama hivyo, ghafla una utaratibu wake, tena unaoenda kwa saa. Supu ni ya asubuhi. Mpishi wa kongoro anayejiheshimu ameiacha mifupa motoni usiku kucha, saa moja asubuhi anauza na chapati na ndimu, saa nne anakuonyesha sufuria tupu bila kuomba radhi. Ukimkuta mtu anauza supu saa tisa alasiri, hiyo ni ya jana, au imeongezwa maji mara nyingi mpaka imesahau ng'ombe. Wali wa mama lishe mzuri unafunuliwa saa sita, na ukifika saa nane unakuta wanasugua vyombo. Pilau na biriani ziwinde Ijumaa, baada ya sala, wakati wapishi wa Kariakoo na Magomeni wanapika kwa kujua kwamba wanaokuja wamekula pilau tangu utotoni na hawadanganyiki. Jioni ni ya mishikaki ya Upanga na Kisutu, makaa yanapulizwa barazani na moshi unakupa anwani. Usiku muuza kahawa na kashata zake anajulikana kwa mlio wa vikombe.

Mwezi wa Ramadhani mchana utazungukia milango iliyofungwa, na magharibi utagundua kwamba wapishi bora wa mji huu hawajawahi kuajiriwa na mtu. Magimbi ya nazi, mihogo, kunde, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, vyote vimetoka majumbani, kwa kina mama ambao hakuna mtu wa video aliyewahi kugonga mlango wao. Ukialikwa futari usiulize wako mtaa gani. Nenda.

Na yule shemeji wa Mwanza? Siwezi kumrudisha mgeni kwao na aibu. Kesho yake tulishuka Kivukoni kwa mwendokasi, tukatembea mpaka Feri, soko la samaki pale Magogoni lililojengwa kwa msaada wa Japani na kuanza kazi mwaka 2002. Asubuhi pale ni mnada na makelele, kuna changu, kuna tasi, kuna nguru, kolekole na jodari wamepangwa chini, pweza wamelundikwa, na kila muuzaji anaapa kwamba wake ndiye aliyetoka majini mwisho. Shemeji alinyamaza kwa furaha. Alibonyeza mbavu, nyama ikarudi. Alifunua mashavu, akakuta wekundu. Akamwinua changu mmoja, wakatazamana.

"Huyu anakuona," akasema.

Tukalipa, tukampa kijana wa kuparua magamba, tukampeleka kwa wakaangaji. Hapo ndipo Feri inapoishinda migahawa mingi: karai liko mbele yako, mafuta unayaona rangi, mpishi unamwona uso, na samaki wako unamlinda kwa macho mpaka anaiva. Ukitaka kumbadilisha mpishi unasogea hatua mbili tu. Shemeji alimla changu wa bahari, yeye mtu wa ziwa, akamaliza mpaka kichwa, na hakumuuliza mtu alikuja na basi gani.

Sisemi wote tukale juu ya ndoo. Mgahawa wa viti vya sofa una kazi yake. Mama mkwe huwezi kumweka kwenye benchi la kupanda na kushuka. Watu wanaoleta posa huwezi kuwakaribisha nyuma ya gereji, watadhani binti anaozwa kwa fundi. Mvua ya masika ikishuka, turubai si kitu, na choo safi kwa mtu mwenye watoto wadogo ni hoja nzito kuliko tui la nazi. Mama lishe naye ana visa vyake: akikuzoea sana anakupa nyama ndogo akijua hutasema, na chenji ya elfu kumi kwake ni mpaka wiki ijayo. Hayo nayajua. Lakini kule nikilalamika, analalamikiwa aliyepika, na anajibu mwenyewe, tena kwa ukali. Kwenye majengo nalalamika kwa mhudumu, mhudumu anamwambia msimamizi, msimamizi anasema atalifikisha, na chumvi inabaki palepale.

Basi ndugu zangu wa Dar es Salaam, na wenzetu wa miji mingine mnaosumbuliwa na maradhi haya, nina ombi. Ukitaka kunielekeza pa kula, acha habari za rangi na maegesho. Niambie nani anapika. Niambie anapika nini vizuri, maana anayepika vyote hapiki kimoja. Niambie siku gani, na kinaisha saa ngapi. Halafu niambie wewe mwenyewe ulikula lini mara ya mwisho. Kama ni kabla ya sikukuu iliyopita, nyamaza, nenda kale kwanza ndipo urudi tuzungumze.

Nanyi wenye migahawa, hela mnayotaka kuiweka kwenye taa mpya na viti vipya, chukueni nusu yake mmwongezee mpishi mshahara, na jina lake mliandike kwenye kibao, chini ya la kwenu. Akivuka barabara, na sisi tunavuka naye.